Wakenya tuko wangapi hasa? Nambari ya serikali ina maswali

Hebu jaribu hii leo jioni ukiwa na mabeshte wako. Waulize Kenya ina watu wangapi. Mmoja atakwambia milioni 50, mwingine atapandisha hadi 55, na yule mjuaji wa kundi atakupa "milioni 47 na ushee" kwa kuwa alikariri akijiandaa kwa mtihani. Sasa waulize swali la pili: nani aliwahesabu, na mnajuaje kwamba hakukosea? Hapo ndipo watu huanza kuangalia simu zao.

Mjuaji wako ana nambari rasmi. Sensa iliyofanywa usiku wa kuamkia Agosti 25, 2019 ilipata watu 47,564,296. Wanawake walikuwa 24,014,716, wanaume 23,548,056, na kwa mara ya kwanza katika historia yetu watu wenye jinsia mbili nao wakahesabiwa, wakawa 1,524. Nambari imeandikwa hadi kichwa cha mwisho kabisa, sita mwishoni, na ukiitazama hivyo unaona kama mtu alipita akimgusa kila mmoja wetu begani.

Lakini mwaka huohuo wa 2019, Umoja wa Mataifa katika makadirio yake ulikuwa unasema Kenya ina watu zaidi ya milioni 52. Piga hesabu mwenyewe. Tofauti ni karibu milioni 5. Jiji lote la Nairobi, kuanzia Embakasi hadi Westlands, lilihesabiwa watu 4,397,073 katika sensa hiyo. Yaani kati ya karatasi ya New York na karatasi ya Nairobi kuna watu wa kujaza Nairobi nzima na wengine wakabaki bila keja.

Nani muongo? Pengine hakuna. Umoja wa Mataifa hautumi mtu kubisha mlango wenu. Huchukua sensa za zamani, ukaongeza watoto wanaozaliwa, ukatoa wanaokufa na wanaohama, kisha ukapeleka hesabu mbele mwaka baada ya mwaka. Ukikosea kidogo kuhusu idadi ya watoto ambao mama wa Kenya huzaa, kosa hilo huzaana kama riba ya mkopo wa simu. Na Kenya imebadilika haraka. Tafiti za afya zilionyesha wastani wa watoto 4.6 kwa kila mwanamke mwaka wa 2008-09, wakashuka hadi 3.9 mwaka wa 2014, na 3.4 mwaka wa 2022. Shosho yako alizaa wanane, mamako wanne, na wewe sasa hivi unasema utaona. Makadirio yaliyozoea mambo ya shosho lazima yazidi.

Kwa hivyo katika mzozo huo mimi ningeegemea upande wa sensa. Ila hiyo haina maana kwamba sensa iko safi. Twende kaskazini.

Kaunti ya Mandera, wakati huo ikiwa wilaya, ilikuwa na watu 250,372 katika sensa ya 1999. Miaka kumi baadaye, sensa ya 2009 ikapata 1,025,756. Zaidi ya mara nne, kwa miaka kumi! Binadamu hazaliani hivyo. Wakati Kenya ilikuwa inatajwa kuwa miongoni mwa nchi zinazoongezeka kwa kasi zaidi duniani, miaka ile ya wazazi wetu, kasi yenyewe ilikuwa karibu asilimia 4 kwa mwaka. Ukiipa Mandera asilimia hizo 4 kila mwaka bila kupumzika, unafika kama watu 370,000. Hao wengine 650,000 walitoka wapi?

Serikali ya wakati huo nayo iliuliza. Agosti 31, 2010, Waziri wa Mipango Wycliffe Oparanya alipotangaza matokeo ya nchi nzima, watu 38,610,097, alifuta papo hapo matokeo ya wilaya nane: Mandera Mashariki, Mandera ya Kati, Mandera Magharibi, Wajir Mashariki, Lagdera, na Turkana tatu, yaani ya Kati, Kaskazini na Kusini. Sababu yake ilikuwa kwamba ongezeko halilingani na vizazi na vifo, na umri na jinsia za watu waliohesabiwa hazikukaa sawa. Maeneo hayo yalipaswa kuhesabiwa upya.

Viongozi wa kaskazini wakaenda kortini, na mwaka wa 2012 Mahakama Kuu ikabatilisha hatua ya waziri. Nambari zilizokuwa zimefutwa zikarudi mezani. Ndiyo maana hadi leo ukitafuta idadi ya watu wa Mandera ya 2009 utapewa ile milioni moja na kitu, bila alama yoyote ya kuuliza kando yake.

Halafu 2019 ikafika. Mandera ikahesabiwa watu 867,457. Imepungua! Watu zaidi ya 158,000 hawapo, na hatukusikia kwamba mji umehama wala ugonjwa umepita. Ama watu hewa walihesabiwa 2009, ama watu halisi waliachwa 2019, ama yote mawili. Hakuna njia ya nne.

Hapa wengi wetu tulio Nairobi hukimbilia jibu rahisi: "Hao walichakachua bana." Ngoja kidogo. Sikiza upande wa pili, kwa sababu una uzito wake. Ile nambari ya 1999 ambayo sote tunaitumia kama msingi, nani alisema ilikuwa sahihi? Kuhesabu wafugaji wanaohama na mifugo, katika eneo kubwa lisilo na barabara, kwa makarani wachache na magari machache, si sawa na kuhesabu ploti ya Kayole. Kama waliachwa wengi 1999, basi sehemu ya lile ongezeko ni ya watu waliokuwa pale siku zote bila kuonekana. Na kufikia 2019 kulikuwa na jambo jingine: mashambulizi ya al-Shabaab mpakani. Karani gani angeenda kila manyatta na tabuleti mkononi?

Viongozi wa Garissa, Wajir na Mandera waliyapinga matokeo ya 2019 kortini pia, safari hii wakilalamika kwamba watu wao wamepunguzwa. Januari 2025, Mahakama Kuu mjini Garissa ilifuta matokeo ya sensa ya kaunti hizo tatu na kuagiza shirika la takwimu, KNBS, liwahesabu watu wake upya. Kwa hivyo tumefika hapa: sensa ya 2009 ilitiliwa shaka na serikali kwa kuwa watu walikuwa wengi mno, na ya 2019 ikatiliwa shaka na wenyeji kwa kuwa walikuwa wachache mno. Ni nchi moja na shirika moja, na eneo ni lilelile.

Unajiuliza, kwani kuna nini kwenye hizi nambari hadi watu waende kortini mara mbili? Kuna pesa, na kuna viti.

Tuanze na pesa. Katika fomula mbili za kwanza za kugawia kaunti pesa, idadi ya watu pekee ilibeba asilimia 45. Ugatuzi ulipoanza 2013, Turkana na Mandera zilikuwa miongoni mwa kaunti zilizopata mgao mkubwa zaidi nchini. Umaskini na ukubwa wa ardhi ulichangia, ndiyo, lakini vichwa vilikuwa sehemu kubwa ya hesabu, na ni vichwa vilevile ambavyo waziri alitaka kuvifuta. Kisha mwaka wa 2020 Seneti ikakwama kwa wiki nyingi juu ya fomula ya tatu. Utakumbuka ile kauli ya "mtu mmoja, kura moja, shilingi moja". Wenye kaunti zenye watu wengi walitaka vichwa vihesabiwe zaidi, wenye kaunti kubwa zenye watu wachache wakakataa, na mwishowe Septemba 2020 wakakubaliana uzito wa idadi ya watu ushuke hadi asilimia 18. Yale makelele yote ya bungeni, msingi wake ulikuwa tabuleti ya karani aliyebisha mlango wa mtu Agosti 2019.

Viti navyo. Katiba, kifungu cha 89, inasema kila eneobunge linafaa kukaribia wastani wa idadi ya watu, na linaruhusiwa kuzidi au kupungua kwa asilimia 40 mijini na sehemu zenye watu wachache, na asilimia 30 kwingineko. Tuna maeneobunge 290. Gawanya watu wa 2019 kwa 290, unapata takriban 164,015. Sasa tazama: kaunti ndogo ya Lamu Mashariki ilihesabiwa watu 22,258. Kaunti ndogo ya Ruiru ilikuwa na 371,111. Zaidi ya mara 16. Na pesa za NG-CDF, zile ambazo wewe na mdogo wako mnajazia fomu za basari, kwa sehemu kubwa hugawiwa maeneobunge kwa usawa. Ukiwa Ruiru, foleni yako ya basari ina watu mara 16 ya foleni ya mwenzako wa Kiunga. (Usimkasirikie. Yeye naye shule ya upili iko mbali kwa boti.)

Mipaka hiyo ilipaswa kupitiwa upya kufikia Machi 2024. Muda ukapita huku IEBC ikiwa haina hata kamishna mmoja. Na hata wangekuwepo, wangechora vipi mipaka ya kaskazini kwa nambari zinazobishaniwa kortini?

Tuje sasa mtaani kwetu, maana Nairobi nayo ina hekaya yake. Umesikia mara ngapi kwamba Kibera ina watu milioni moja? Kwamba ndio mtaa wa mabanda mkubwa zaidi Afrika? Imeandikwa vitabuni, imesemwa na mashirika, imerudiwa na watalii wenye kamera. Sensa ya 2009 ilipohesabu Kibera ikapata watu 170,070, watu wakacheka. Wengine wakakasirika.

Chukua kalamu. Eneo la mtaa wenyewe ni takriban kilomita 2.5 mraba. Hiyo ni mita za mraba 2,500,000. Ukiweka watu milioni moja ndani, kila mmoja anapata mita 2.5 za mraba. Godoro la futi tatu kwa sita linachukua karibu mita 1.7. Kwa hivyo kila mtu angekuwa na nafasi ya godoro moja na nusu hivi, na ndani ya nafasi hiyohiyo utoe njia, choo, kanisa, msikiti, shule, kibanda cha chipo, duka la M-Pesa na reli. Na nyumba nyingi za pale ni za mabati zisizo na ghorofa. Haiwezekani, manze. Watafiti waliojaribu kuihesabu Kibera kwa ramani na kwa kutembea nyumba kwa nyumba walikadiria kati ya watu 235,000 na 270,000. Wao pia walizidi sensa, lakini hata robo tatu ya milioni haikukaribiwa.

Ona basi kwamba Kibera makosa yako pande mbili. Ile milioni ilikuwa tamu kwa yeyote aliyetafuta mfadhili au kura. Kwa upande mwingine sensa nayo yaelekea iliacha watu, na ukiishi mtaani unajua kwa nini. Karani anakuja saa nane mchana, wewe uko kibaruani Industrial Area. Anarudi jioni, mlango una kufuli. Anamuuliza jirani, jirani anasema hapo wanaishi wawili, kumbe mko watano kwa sababu binamu zako walikuja kutafuta kazi na landilodi hajui. Nani atamwambia mgeni mwenye tabuleti ya serikali kwamba nyumba ya watu wawili ina watano? Na ile nambari ya 2019, watu 185,777, ni ya kaunti ndogo ya Kibra, ambayo mpaka wake si lazima uwe mpaka wa mtaa wa mabati unaoujua wewe.

Kuna pia mambo ya ushago. Sensa yetu inauliza ulilala wapi usiku ule. Haijali kura yako iko wapi wala kitovu chako kilizikwa wapi. Wanasiasa wanalijua hilo vizuri, na ndiyo sababu kabla ya sensa ya 2019 kulikuwa na viongozi waliowahimiza watu wao warudi nyumbani wakahesabiwe huko. Ukikubali, unaishi Pipeline miezi kumi na mmoja na nusu, unakunywa maji ya Pipeline, unapanga foleni kwenye hospitali ya Nairobi, lakini kwenye karatasi wewe ni mtu wa kijijini. Dawa zako zitapelekwa huko. Serikali nayo ilikuwa na mbinu zake: Agosti 24 na 25 mabaa yaliamriwa kufungwa saa kumi na moja jioni ili watu wapatikane nyumbani. Kama ulikuwa na miaka ya kuingia baa wakati huo, unakumbuka.

Tabuleti zenyewe, zilizounganishwa na vyuo vikuu vya Moi na JKUAT, zilisaidia sana. Ilikuwa sensa yetu ya kwanza bila karatasi, na matokeo ya kwanza yalitoka Novemba 4, hata miezi mitatu haijaisha. Lakini tabuleti hurekodi kile mtu anachosema. Ukimuuliza babu umri wake, atakupa 70 au 75. 73 atakupa mara chache. Wataalamu wa idadi ya watu huangalia hilo hasa: wakiona miaka inayoishia na sifuri au tano ina watu wengi kupita majirani zake, wanajua watu wamekadiria. Huangalia pia uwiano wa wanaume na wanawake. Kule kaskazini mwaka wa 2009 wanaume waliandikwa wengi kuliko wanawake kwa kiasi ambacho si cha kawaida. Ama wasichana hawakutajwa, ama kuna wanaume walioongezwa. Nambari huwa na tabia, na zikipikwa hutoa harufu.

Hatuko peke yetu, na kwa kweli kuna walio na hali mbaya zaidi. Nigeria ilihesabu 2006 na ikapata watu milioni 140. Jimbo la Lagos likaambiwa lina milioni 9, chini ya Kano. Lagos ikakataa, ikatoa hesabu yake yenyewe ya zaidi ya milioni 17. Sensa iliyofaa kufuata ikaahirishwa tena 2023. Majirani zetu wa Kongo walihesabiwa mara ya mwisho 1984; ukisoma kwamba wako milioni 100, jua hakuna aliyewahesabu, ni makadirio juu ya makadirio. Sisi angalau tumehesabu kila baada ya miaka kumi tangu 1969, tulipokuwa karibu milioni 11 pekee.

Mimi kinachonisumbua zaidi ni kijana mmoja tunayemsahau katika hesabu hizi zote. Kambi za Dadaab zilifunguliwa 1991 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Somalia. Ukame ulipopiga, familia za Wakenya wa Garissa na jirani zake, waliokuwa na njaa vilevile, walijiandikisha kambini ili wapate chakula. Watoto waliandikishwa na wazazi wao, alama za vidole zikachukuliwa. Walipofika miaka 18 na kwenda kuomba kitambulisho, mashine ikasema: wewe ni mkimbizi. Bila kitambulisho hakuna laini ya simu kwa jina lako, hakuna kazi ya maana, hakuna M-Pesa. Katika daftari moja huyu kijana ni Mkenya mmoja zaidi, katika daftari la pili ni mgeni. Ukisikia mtu akisema "watu wa kaskazini wameongezwa", kumbuka yuko mwingine kulekule ambaye amefutwa na bado anapumua. Februari 2025 serikali ilitangaza kuondoa ule uchunguzi wa ziada ambao vijana wa kaunti za mpakani walikuwa wakipitishwa kabla ya kupewa kitambulisho. Kabla ya hapo, ukiwa Mnubi wa Kibera au Msomali wa Wajir, ulitakiwa uthibitishe babu yako alikuwa nani kabla hujaulizwa wewe ni nani.

Sensa ya 2019 ilisema asilimia 75 ya Wakenya wako chini ya miaka 35, watu milioni 35.7. Kila mwanasiasa anaitaja hiyo nambari akiwa jukwaani. Wengi wenu mkisoma hapa mlihesabiwa mkiwa watoto. Baba ndiye aliyejibu, na pengine alikosea hata mwaka wenu wa kuzaliwa. Sensa nyingine, tukifuata ratiba, ni Agosti 2029. Wakati huo wewe ndiye utakayekuwa na funguo za nyumba. Karani atabisha, huenda ni rafiki yako wa shule anayetafuta kibarua cha wiki moja, na atakuuliza ni watu wangapi walilala hapa usiku ule. Watano ni watano, hata kama landilodi amesimama nyuma yake.

Na kabla ya hapo, mtu akikutajia kwenye mkutano kwamba kabila lake, kaunti yake au mtaa wake una watu kiasi fulani, muulize ni sensa ya mwaka gani, na miaka kumi kabla ya hapo walikuwa wangapi. Ukipata majibu mawili, gawanya moja kwa jingine. Simu yako ina kikokotoo.